Ugonjwa Mdogo Unapokawia Njiani

Yeyote aliyewahi kupita barabara itokayo Sake kwenda Masisi ajua ya kuwa njia ile haina huruma. Kutoka Goma hadi Sake ni mwendo wa kilometa 25 hivi, katika nchi ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkano. Kisha milima yaanza, gari lalia, na abiria wajifunika makoti yao. Mushaki yetu iko huko juu, kilometa 40 hivi toka Goma, katika nchi ya malisho, ya ng'ombe, ya jibini na ya ukungu wa asubuhi. Kwa barabara hiyo hushuka maziwa, viazi, maharagwe na makaa. Kwa barabara hiyo hiyo hushuka wagonjwa, na habari yao ndiyo tunayotaka kuzungumza nanyi leo.

Wagonjwa hao huletwa kwa namna tatu. Mwenye fedha hupakiwa pikipiki, katikati ya dereva na ndugu amshikaye asianguke. Mwenye bahati hukutana na gari la msaada. Waliobaki huchukuliwa katika ngobyi, ile machela ya kusukwa ambayo babu zetu waliijua kabla daktari wa kwanza hajafika Kivu. Wanaume wanne huibeba mabegani, na wengine hutembea pembeni wakingojea zamu yao. Wakati wa mvua, matope yafikapo magotini, hata pikipiki hushindwa, na hapo ngobyi huwa ya wote, tajiri na maskini. Siku moja tulihesabu wanaume 12 waliomchukua mvulana mmoja wa miaka 11, mwenye malaria iliyokwisha kupanda kichwani, hamjui tena baba yake. Tafakarini neno hilo. Wanaume 12 wameacha mashamba yao siku nzima kwa ajili ya ugonjwa ambao, siku nne kabla, ungaliponywa kwa vidonge vya siku tatu, naye mvulana angalivifuata vidonge hivyo kwa miguu yake mwenyewe.

Wakifika hospitalini, neno la kwanza wanalopokewa nalo ni lile lile: "Mbona mmechelewa?" Sisi hatumlaumu muuguzi asemaye hivyo, amekesha, na huenda usiku ule amekwisha kuwapokea wanne wa namna hiyo. Lakini neno lenyewe si la haki. Watu hawa hawakuchelewa kuondoka. Waliondoka saa ile ile walipoiona hatari. Walichokosa ni mahali pa kwenda siku ya kwanza, hatari ilipokuwa bado imejificha.

Chumba cha dharura, kama mjuavyo, kimewekwa kwa ajili ya mambo yasiyongoja: aliyevunjika mfupa, aliyepigwa risasi, mama atokwaye damu, mtoto aliyeshikwa na degedege. Katika nchi za matajiri chumba hicho kina taabu iliyo kinyume cha yetu. Huko madaktari hunung'unika kwamba kimejaa watu wenye mafua na maumivu ya mgongo, ambao wangalitibiwa karibu na kwao kama wangalimpata daktari wa karibu. Wataalamu wa Uingereza walilipima jambo hili, wakatoa hesabu yao mwaka 2013: mahali ambapo ni rahisi kumwona daktari wa mtaani, waliojipeleka wenyewe kwenye chumba cha dharura walikuwa pungufu kwa asilimia 10 hivi kuliko mahali ambapo ni vigumu. Katika nchi ya Manchester, madaktari wa mitaani walipofungua milango jioni na siku za mwisho wa juma, waliokwenda hospitalini kwa ajili ya ugonjwa mdogo walipungua kwa zaidi ya robo. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2016. Nako Marekani, sheria ya mwaka 1986 yazikataza hospitali kumfukuza mtu wa dharura kwa sababu hana fedha. Basi asiye na daktari wake huujua mlango huo mmoja tu usiofungwa, naye huuendea hata kwa jino.

Ila jambo si jepesi kama linavyoonekana. Katika jimbo la Oregon, huko huko Marekani, mwaka 2008, nafasi za bima ya maskini zilikuwa chache kuliko waombaji, ikabidi kupiga kura. Wenye elimu wakawafuata walioipata na walioikosa, wakalinganisha. Wengi walitazamia ya kuwa wenye bima watapunguza kwenda chumba cha dharura, maana sasa waweza kumlipa daktari wa kawaida. Ikawa kinyume: walikwenda zaidi, kwa asilimia 40 hivi. Kwa maoni yetu si ajabu. Kadi ya bima humwondolea mtu hofu ya gharama, lakini haimjengei daktari mlangoni pake. Basi mtu huyo huingia penye mlango uliokuwa wazi tangu zamani. Kuwa na ruhusa ya kutibiwa ni jambo moja, na kuwa na mahali pa kutibiwa palipo karibu, penye dawa, na penye mtu akujuaye, ni jambo lingine. Tulishike neno hilo, kwani litatufaa tukirudi kwetu milimani.

Katika nchi yetu ngazi ya matibabu si jambo geni. Wabelgiji, katika Mpango wao wa Miaka Kumi, 1949 hadi 1959, walikusudia kila teritori iwe na hospitali yake, nazo dispensari za vijijini ziizunguke kama vifaranga na mama yao. Baadaye, kuanzia mwaka 1971, huko Kasongo katika Maniema, madaktari wa nchi yetu pamoja na wenzao wa Ubelgiji walilijaribu jambo hilo kwa bidii kubwa zaidi: vituo vidogo vyenye wauguzi waliofundishwa vema, na hospitali moja inayowapokea wale walioshinda nguvu za vituo. Waliojifunza Kasongo walilipeleka somo hilo mbali. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovyeti wa siku zile, yakakubali ya kwamba matibabu ya kwanza, yale ya karibu na watu, ndiyo msingi wa yote. Nayo Zaire katika miaka ya 1980 ilikuwa kati ya nchi za mbele kabisa katika kugawa nchi nzima kuwa zoni za afya. Leo zipo 519, na katika hizo 34 zimo Kivu ya Kaskazini. Teritori yetu ya Masisi ina zoni za Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi.

Kwa maandishi, basi, ngazi yetu ni nzuri. Chini kabisa yumo reko, yaani mjumbe wa afya wa kijiji; juu yake kituo cha afya kwa watu kama 10,000; juu yake hospitali kuu ya zoni. Mgonjwa hupanda kidato baada ya kidato, akiwa na barua ya muuguzi mkononi. Majirani zetu wa Rwanda wanaifuata ngazi hiyo kwa ukali: mwenye bima ya mitueli huanza kituoni, na akiruka kwenda hospitali pasipo barua, bila kuwa na dharura, hulipa mwenyewe gharama yote. Kwetu hakuna wa kumzuia mtu asiruke; lakini wengi hawaruki. Huanguka, kwa kuwa kidato cha kwanza kimeoza.

Yafaa tuseme waziwazi ni kitu gani kilichokiozesha. Vita ni sababu, nasi tutavitaja. Lakini hata katika miaka ya utulivu, kidato hicho kililiwa na fedha. Wauguzi wengi wa vijijini hawapati mshahara wa serikali, au hupata kiposho tu. Huishi kwa kile akilipacho mgonjwa. Muuguzi mwenye watoto sita hawezi kutibu bure, nasi walimu, tulioishi miaka mingi kwa michango ya wazazi, hatuna mdomo wa kumlaumu. Matokeo yake ni kwamba mama huipima homa ya mtoto kwa mikono miwili: mkono mmoja huhisi joto, mwingine huhisi mfuko.

Kulikuwa na mwanafunzi wetu wa darasa la sita, kijana wa akili, aliyekosa shule siku nne mfululizo. Siku ya Jumamosi tulikwenda kwao kuuliza habari. Baba alikuwa Rubaya, ameshuka mashimoni kutafuta koltani. Mama alikuwa jikoni, amempakata binti yake wa miezi minane, naye mtoto akikohoa. Juu ya kinu palikuwa na vidonge viwili vya rangi nyekundu na nyeusi, vilivyofungwa katika kipande cha karatasi ya daftari. Alivinunua sokoni, kwa mtu auzaye pia betri na nyembe. Tulimwuliza kwa upole kwa nini hakwenda kituoni.

"Mwalimu," alijibu, "nikienda na kikohozi, wataniandikia karatasi nikatafute dawa, maana wao hawana. Karatasi hainyweki. Na ile faranga ya kuandikiwa karatasi ndiyo hii niliyonunulia vidonge."

Hatukuwa na jibu. Mama yule hakuwa mjinga; alikuwa amepiga hesabu, tena hesabu sahihi kwa vitu alivyokuwa navyo. Tulimtazama mtoto: mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Tukamwambia, "Mama, huyu siye wa kungoja kesho." Akaazima shuka, akamfunga mtoto mgongoni, na mjomba wake akatangulia na taa, wakaingia usiku. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Alilazwa siku tisa, akapewa hewa ya mashine na sindano. Lakini walipotaka kutoka, deni liliwazuia hata mama akakaa siku nyingine kumi katika ua wa hospitali hiyo, akipika kwa kuni za kuokota, mpaka mbuzi wawili na viazi vilivyokuwa bado ardhini vilipouzwa. Hospitali hatuitaji, maana si peke yake ifanyayo hivyo katika nchi yetu. Na yule kijana wetu wa akili alibaki nyumbani kulinda wadogo zake muda huo wote, na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi ukampita. Katika daftari la mahudhurio aliandikwa "mtoro." Ukitafuta gharama ya kikohozi kile katika vitabu vya hospitali, hutaiona yote, nyingine imo katika daftari letu.

Kumbukeni pia ya kuwa milima yetu ina baridi. Huko chini kuelekea Walikale, kwenye msitu na joto, malaria ni jirani wa kila siku, na watu wazima wameizoea kidogo mwilini. Kwetu juu haiji kila siku, lakini ijapo humkuta mtoto hana kinga, ikampiga kwa nguvu. Na nimonia, ugonjwa wa mapafu, haitupi likizo. Magonjwa haya mawili, pamoja na kuhara, ndiyo yanayogeuka upesi kutoka dogo kuwa kubwa. Mtu aliyepoteza siku tatu amepoteza karibu zote alizokuwa nazo.

Sasa tuseme juu ya vita, kwani bila hivyo hatutasema kweli. Mwezi wa Februari 2023 mapigano yalifika Mushaki, na watu wakateremka kwa maelfu, wengine na godoro kichwani, wengine na watoto tu. Wakajazana magharibi ya mji wa Goma, katika kambi za Bulengo na Lushagala na nyingine nyingi, chini ya vibanda vya turubai juu ya mawe. Hatutaki kuzisifu kambi zile. Tumeona humo njaa, kipindupindu, na aibu waliyotendewa wanawake waliokwenda kutafuta kuni, ambayo kalamu yetu haiwezi kuieleza. Lakini humo humo tuliona pia jambo ambalo hatukuwahi kuliona milimani. Madaktari Wasio na Mipaka na wengine walikuwa wameweka zahanati za hema, nazo hazikudai hata faranga moja. Mama wa Mushaki, aliyekuwa amezoea kungoja siku tatu kuona kama homa itajiondokea yenyewe, sasa alikuja siku ya kwanza. Alikuja asubuhi, akapanga foleni, akachomwa kidole mtoto wake, akapewa vidonge, akarudi kupika. Hakubadilishwa na mahubiri yoyote juu ya afya. Hatua zilipungua na malipo yakaondoka, basi.

Mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia Goma yenyewe. Hapo tuliona chumba cha dharura kikiwa kazini kwa ile kazi kiliyowekewa. Hospitali ya CBCA Ndosho, isaidiwayo na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ilipokea majeruhi wengi kupita vitanda vyake. Watu walilazwa chini, katika njia na katika mahema. Siku kama hizo mtu aelewa kwa macho yake kwa nini kila mtoto wa nimonia aliyeponywa mapema kule kijijini ni kitanda kimoja kilichobaki kwa ajili ya mwenye risasi. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Wengi walirudi, na baadhi walikuta kidispensari cha kijiji hakina mlango, wala dirisha, wala sanduku la dawa. Mama aliyejifunza Bulengo kwenda siku ya kwanza, sasa siku ya kwanza aende wapi?

Wako wakubwa wasemao, "Tukijenga vituo, hospitali zitapumua." Twawaunga mkono, ila twawaomba wasiwe na haraka ya kudai matunda. Kituo kizuri kikifunguliwa mahali palipokuwa hapana kitu, jambo la kwanza litokealo ni kwamba hospitali hujaa zaidi. Sababu yake ni nyepesi. Zamani yule mama mwenye kifafa cha mimba alifia nyumbani, wala hospitali haikujua habari zake. Sasa muuguzi amempima, ameona shinikizo la damu limepanda, amemwandikia barua. Hao ni wagonjwa waliokuwapo siku zote, na ambao hapo kwanza walihesabiwa na wachimba makaburi tu. Baadaye, watoto wa chanjo wakikua na homa zikitibiwa siku ya pili badala ya siku ya sita, mkondo hupungua. Mkubwa atakayefunga kituo baada ya mwaka mmoja kwa kuwa hospitali haijapumua, amesoma hesabu akaanzia mwisho.

Juu ya kufuta malipo, nako kuna neno. Mwezi wa Agosti 2018, ugonjwa wa Ebola ulipozuka upande wa Beni, serikali iliondoa malipo katika baadhi ya zoni za huko, na mara moja wagonjwa wa kila namna wakaongezeka vituoni, si wa Ebola tu. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na maskini ndio waliofaidi zaidi. Lakini dawa ziliisha upesi, na watu wakaanza tena kununua dukani. Walimu twalijua jambo hilo kutoka chumba chetu wenyewe. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure katika nchi yetu, na furaha ilikuwa kubwa. Watoto wakaja, wakaja, mpaka benchi la watatu likakaliwa na sita, na chaki ikawa ile ile. Hatusemi mlango usifunguliwe. Twasema anayeufungua alete na mabenchi. Huko hospitali ya Masisi, ambapo Madaktari Wasio na Mipaka wamesaidia tangu mwaka 2007, mambo yalikwenda vema zaidi kwa sababu bure ilikuja pamoja na dawa, na kwa sababu hawakungoja wagonjwa wapande mlima: mama mjamzito mwenye hatari hukaribishwa mapema kukaa katika nyumba zilizo karibu na hospitali, anangoja siku zake hapo, na uchungu ukimshika usiku hana haja ya ngobyi.

Ninyi wazazi, tunajua mnauliza: tufanye nini sisi, tusio na hema la bure wala hospitali mlangoni? Yapo machache, tena hayahitaji fedha. Mtoto akikohoa, mfunueni kifua akiwa ametulia, mkahesabu pumzi zake kwa dakika nzima ya saa. Mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, akivuta mara 50 au zaidi, huyo si mwenye mafua. Mwenye mwaka mmoja hadi mitano, mara 40 au zaidi. Kadhalika mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea asiamke vema, au ambaye kifua chini chaingia ndani anapovuta pumzi: huyo apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi miwili, homa yake yoyote ni dharura. Mwenye kuhara anyweshwe maji ya chumvichumvi ya pakiti tangu choo cha kwanza cha maji, asingojee macho yazame. Na nyumba ya reko ijulikane na kila mtu, hata na watoto. Maana mahali penye wajumbe waliofundishwa na kupewa sanduku la dawa, wao waweza kupima malaria kwa tone la damu na kuitibu pale pale, na wengine hupewa dawa ya kumwekea mtoto njia ya nyuma, imshike uhai mpaka afike hospitalini. Sanduku likiwa tupu, halmashauri ya afya ya eneo, ile iitwayo kodesa, ndiyo ya kuulizwa. Wajumbe wake ni majirani zetu, tumewachagua sisi. Waulizeni pia kama bei za kituo zimebandikwa mlangoni ili kila mtu azisome. Bei iliyofichwa humtisha mama kuliko bei kubwa.

Na liko neno moja tulilolisikia kutoka ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Kigezi, Uganda, ambako milima ni kama yetu na machela ni ile ile, wao huiita engozi. Wenyeji wa huko tangu zamani wana vyama vya kubeba wagonjwa: kila nyumba hutoa mabega, na nyumba isiyotoa mabega hutoa mchango. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, iliyo ya ndugu zetu Waanglikana, iliona ya kuwa vyama hivyo vimekwisha kujua kukusanya watu na fedha, ikavishika vyama vile vile kuwa msingi wa bima ya matibabu. Chama kilichozoea kumbeba mtu aliyekwisha kuanguka, kikaanza kulipia tangu mapema.

Tuliwasimulia wachukuzi wa kijiji kimoja cha hapa kwetu habari hiyo, nao wakaizungumza kwa makini kuliko tulivyotazamia. Wao wanalo sanduku dogo. Kila nyumba hutia kidogo baada ya mavuno, na fedha hutoka kwa kununua kamba mpya, mafuta ya taa, na chakula cha wabebaji njiani. Kijana mmoja, dereva wa shukudu, alisema sanduku litoe pia fedha ya kituo kwa mtoto yeyote mwenye homa ya siku moja, kwani mtoto huyo akipona hakuna kamba itakayokatika. Mzee mmoja akakataa. "Mtoto atembeaye si mzigo wa chama," alisema, "leo tutalipa homa, kesho tutalipa kikohozi, na siku mtu akivunjika mguu sanduku litakuwa na hewa." Mama mmoja mjane akauliza kama mzee aweza kusema sasa hivi, mbele ya wote, ni safari ngapi za usiku alizobeba mwaka huu kwa homa, na ngapi kwa miguu iliyovunjika. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, mkono mmoja, kisha wa pili, akanyamaza, akasema ataka kwanza kuzungumza na mwenye daftari la chama. Wamepatana kuketi tena Jumapili ijayo baada ya Misa, na mwenye daftari ameombwa alilete.